MAISHA YA MUNGANGA PAUL BROCA, ALIYESIKILIZA MUTU ASIYEWEZA KUSEMA



Sisi wa darasa la sita tumefika kwenye somo la ubongo. Katika kitabu kuko picha ya kichwa kilichokatwa kwa upande, na mbele kidogo, upande wa kushoto, kuko eneo ndogo lenye jina la Broca. Wengi wanaandika lile jina katika kaye, wanalishika kwa kichwa juu ya Egzamini ya Serikali, na mambo inaishia pale. Hawajui kama Broca alikuwa mutu, kama alikuwa na wazazi na watoto, na kama kazi yake inatugusa sisi watu weusi kwa njia mbili, moja nzuri na moja mbaya sana. Kwa hiyo nimeomba walimu wenye kuangalia gazeti letu wanipe nafasi niandike maisha yake.

Paul Broca alizaliwa tarehe 28 mwezi wa sita 1824 katika muji mudogo wa Sainte-Foy-la-Grande, pembeni ya muto Dordogne, kusini-magharibi ya Ufaransa. Ule muji ulikuwa wa Waprotestanti tangu zamani, wale walioitwa Wahuguenot, ambao wafalme wa Ufaransa waliwatesa miaka mingi. Baba yake alikuwa munganga, mbele alitumika katika jeshi la Napoleon. Mama yake alikuwa binti wa muhubiri Muprotestanti. Kijana alisoma katika koleji ya palepale kwao, na alipokuwa na miaka 16 alikuwa amekwisha kupata diploma yake. Alipofikia miaka 17 alipelekwa Paris kusomea uganga. Sisi wenye miaka 18 na bado tunapigana na hesabu, tunyamaze tu.

Katika Paris alifanya kazi kama punda. Alitumika katika hospitali mchana, na usiku aliangalia vipande vya kansa kwa mikroskopi, wakati ambapo wakubwa wengi wa uganga katika Ufaransa waliona mikroskopi kuwa muchezo wa watoto. Mwaka 1849 alipata udokta, na mwaka 1853 akawa mupasuaji wa hospitali. Imani ya wazazi wake hakuifuata. Tangu mwaka 1848 alikuwa pamoja na wale waliojiita watu wa mawazo huru. Hilo nalisema wazi kusudi mutu asifikiri kama ninataka kumufanya mutakatifu wa kanisa letu.

Mwaka 1857 alioa Adèle Augustine, binti wa munganga Lugol. Wanafunzi wa biokemia wanalijua jina hilo: ni yule Lugol wa dawa ya rangi ya kahawia tunayodondosha juu ya muhogo ao kiazi kusudi tuone kama kuko wanga, na inageuka buluu-nyeusi. Walizaa watoto watatu, na vijana wao wawili, Auguste na André, wakawa maprofesa wa uganga nao pia.

Mwaka 1859 Broca na wenzake walianzisha Chama cha Anthropolojia cha Paris, walikuwa watu 19 kwa mwanzo. Serikali ya Napoleon III iliogopa mikutano ya watu wenye kusema habari ya asili ya mwanadamu. Ikakubali kwa sharti moja: katika kila mukutano polisi mumoja akae ndani asikilize. Fikirini polisi anakaa saa nzima anasikiliza habari ya mafuvu ya vichwa.

Katika chama hicho njo mabishano makubwa yalitokea mwaka 1861. Ulizo lilikuwa hili: je, ubongo ni kitu kimoja chenye kufanya kazi zote pamoja, ao kila kazi iko na pahali pake? Muzee mumoja, Bouillaud, alisema tangu 1825 kama kazi ya kusema inakaa mbele, nyuma ya paji la uso. Aliahidi mupaka faranga 500 kwa mutu atakayemuletea ubongo ulioharibika sana pale mbele na mwenyewe alikuwa angali anasema vizuri. Watu wengi walimucheka, sababu mafundisho hayo yalifanana na yale ya Gall, aliyedai kama anaweza kusoma tabia ya mutu kwa kupapasa vinundu vya kichwa. Lakini mukwe wake, munganga Auburtin, alisimama kumutetea. Alieleza habari ya mutu aliyejipiga risasi kwenye paji, mufupa ukatoka, ubongo ukaonekana wazi. Wakati mugonjwa alipokuwa anasema, munganga aligandamiza ubongo polepole kwa kijiko cha bapa, na maneno yakakatika palepale. Alipoondoa, maneno yakarudi. Broca alisikiliza. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Siku chache nyuma ya mabishano hayo, tarehe 11 mwezi wa ine, walimuletea mugonjwa.

Broca alikuwa mupasuaji kule Bicêtre, hospitali kubwa kusini ya Paris, pahali walipowekwa wazee, wenda wazimu na wale ambao jamaa hawakuweza kuwatunza. Mugonjwa aliitwa Leborgne, miaka 51. Muguu wake wa kuume ulikuwa umevimba na kuoza tangu chini mupaka kwenye tako. Kwa muguu tu njo walimupeleka kwa mupasuaji. Juu ya kichwa chake hakuna aliyekuwa na ulizo tena. Broca alipomuuliza ugonjwa umeanza namna gani, alijibu: tan, tan. Akamuuliza jina. Tan, tan. Hospitali nzima ilimuita Tan, kwa maana miaka 21 hakuwa na neno lingine, isipokuwa tusi moja la Kifaransa lenye kutaja jina la Mungu, ambalo lilimutoka lenyewe alipokasirika.

Leborgne alikuwa na kifafa tangu utoto, hata hivi alijifunza kazi, alichonga vibao vya kutengenezea viatu. Alipopata miaka 30 maneno yalimupotea. Nyuma ya miaka kama 10 mukono wa kuume ukapooza, kisha muguu wa kuume, na miaka ya mwisho alilala tu kitandani. Wagonjwa wenzake hawakumupenda. Walisema ni mubaya, ni mwenye kulipiza kisasi, na hata ni mwizi. Naye hakuweza kujitetea, atajitetea na neno gani?

Sasa tazameni kitu alichofanya Broca. Alikuwa na mugonjwa ambaye atakufa katika siku chache, na mutu wa haraka angesema: huyu ni mupumbavu, tungojee afe tupasue kichwa. Broca alikaa karibu na kitanda akamuuliza maulizo ambayo jibu lake halihitaji kinywa. Alimuuliza miaka mingapi yuko katika Bicêtre. Leborgne alifungua mukono wa kushoto vidole vitano mara ine, kisha akaongeza kidole kimoja. Ishirini na moja, bila kosa. Kesho yake Broca akauliza tena, jibu lile lile. Siku ya tatu akauliza tena, na Leborgne akafahamu kama wanamufanyia mutihani, akakasirika, na lile tusi likatoka. Mimi naona hasira hiyo inaonyesha akili kuliko vidole vyenyewe. Mutu asiye na akili hawezi kujua kama anachezewa. Alijua pia kusoma saa. Broca alimuita Auburtin aje amuangalie, naye akasema mbele ya wote kama ubongo wa huyu utakutwa muzima pale mbele, yeye atayaacha mafundisho yake.

Leborgne alikufa tarehe 17. Walimupasua kichwa, na kesho yake Broca alileta ubongo mbele ya chama. Upande wa kushoto, mbele, kwenye mukunjo wa tatu, kulikuwa shimo ambalo yai la kuku lingekaa ndani. Broca hakukata ule ubongo vipande vipande ili kuona ndani. Aliuweka muzima katika pombe kali. Kumbukeni neno hilo, tutalirudilia.

Mwezi wa kumi wa mwaka uleule alipata mugonjwa wa pili, muzee Lelong, miaka 84, aliyekuwa mufanyakazi wa kuchimba udongo. Muzee huyu aliwekwa Bicêtre miaka kadhaa juu ya akili iliyochoka na uzee, na mwaka moja na nusu mbele alianguka, akaamuka bila maneno. Sasa alikuwa amevunjika mufupa wa paja. Maneno yalimubakia matano: ndiyo, hapana, siku zote, tatu, na jina lake lenyewe, tena lililoharibika. Lile neno la tatu alilitumia kwa hesabu zote. Walimuuliza kama ana watoto, akasema ndiyo. Wangapi? Kinywa kikasema tatu, lakini mukono ukaonyesha vidole vine, sababu alijua kinywa chake kinadanganya. Wavulana wangapi? Vidole viwili. Wasichana? Viwili. Walimuuliza kazi yake, akafanya kwa mikono namna ya mutu mwenye kushika koleo, anachota udongo na kutupa. Alikufa siku 12 tu nyuma ya kuvunjika. Walipoangalia ubongo, kidonda kilikuwa kidogo kuliko cha Leborgne, na kilikuwa pahali palepale.

Mwaka 1863 Broca alikuwa amekusanya wagonjwa wanane, na wote walikuwa na kidonda upande wa kushoto. Yeye mwenyewe alishangaa na aliogopa kulitangaza. Mwaka 1865 njo aliandika wazi kama tunasema kwa nusu ya kushoto ya ubongo. Lakini mwana wa munganga mumoja wa kusini, Gustave Dax, alisema kama baba yake, Marc Dax, aliandika jambo hilo tangu mwaka 1836, naye alikufa bila kulitangaza kwa kitabu. Mabishano juu ya nani wa kwanza yaliendelea, na wenye kuandika historia siku hizi wanampa Dax sehemu yake. Hata jina la ugonjwa si la Broca. Yeye aliuita afemia. Mwalimu mukubwa Trousseau aliona jina hilo si zuri, akaweka afazia, na njo limebakia.

Hapa nataka kusimama kidogo, hata kama walimu watasema ninatoka katika maisha ya mutu. Katika kartye zetu na katika vijiji kuko wazee wenye kuamuka asubuhi moja kinywa kimepinda, mukono wa kuume umekufa, maneno hayatoki. Wengine wanasema mara moja ni sumu, ao wamelogwa. Kama ni mama muzee, mara nyingine inakuwa mubaya zaidi: yeye njo anaitwa mulozi, sababu anatoa sauti zisizofahamika na anakasirika. Mara nyingi ni mushipa wa damu uliozibika ao kupasuka katika ubongo, na tansio ya damu njo adui wa kwanza. Tena watu wanasema mbele ya muzee huyo mambo ya mashamba yake na ya maziko yake, kama vile hasikii. Leborgne alisikia. Lelong alisikia. Kama kinywa kimekufa, muulize maulizo ya ndiyo na hapana, umupe wakati, uangalie mukono wake wa kushoto.

Si kila mutu mwenye kupoteza maneno yuko sawa na Leborgne. Mwaka 1874 Mujerumani Carl Wernicke alionyesha pahali pengine, nyuma zaidi karibu na sikio, ambapo kidonda kinaleta ugonjwa wa kinyume: mutu anasema mingi na mbio, lakini maneno hayana maana, na yeye mwenyewe hafahamu vizuri anayoambiwa. Kuko pia wazee ambao maneno yanawatoka polepole, mwaka kwa mwaka, bila kuanguka hata siku moja. Arnold Pick aliandika juu ya mugonjwa wa namna hiyo katika Prague mwaka 1892, na mwaka 1982 Mesulam wa Marekani alionyesha wagonjwa ambao lugha ilipotea ya kwanza, na kwa miaka kadhaa akili yao kwa mambo mengine ikabaki. Ugonjwa ulioelezwa na Alois Alzheimer mwaka 1906, mara nyingi unaanza kwa njia ingine, kwa kusahau mambo ya jana na ya leo. Tena kwetu, ambako mutu muzee anaweza kuwa na lugha ya kabila, Kiswahili na Kifaransa, ni vizuri tujue kama lugha hizo hazirudi zote pamoja. Ribot aliandika mwaka 1881 kama ile ya utoto inashikilia zaidi, na Pitres mwaka 1895 akasema kama inarudi ya kwanza ile mutu aliyoizoea kuitumia. Wote wawili wanapata wagonjwa wa kuwapa haki. Kwa hiyo muzee asipojibu kwa Kiswahili, jaribuni ya kwao.

Broca aliwaza hata namna ya kuwafundisha. Aliona kama nusu ya kuume ya ubongo ingeweza kujifunza kusema, kama vile mutu wa mukono wa kushoto anavyotumia upande mwingine, ila ingehitaji uvumilivu ule wa mama mwenye kufundisha mutoto. Alijaribu na mugonjwa mumoja kumurudilisha kusoma.

Sasa upande mubaya, na sitaupita mbio.

Mutu huyuhuyu aliyemusikiliza Tan alitumia miaka mingi kupima vichwa vya watu na mizani na kamba. Alijaza mafuvu na risasi ndogo kusudi ajue yanabeba kiasi gani. Aliandika kama ubongo wa wazungu ni mukubwa kuliko wa watu weusi, ubongo wa wanaume kuliko wa wanawake, na kama ukubwa huo unaonyesha akili. Alisema pia kama watu hawakutoka katika asili moja. Biashara ya watumwa aliikataa, hilo ni kweli. Lakini alituweka chini. Na kosa lake halikuwa kosa la kupima vibaya, maana alikuwa mupimaji wa ajabu. Jibu alikuwa nalo mbele ya kupima. Mwaka 1862 alilinganisha mifupa ya mukono, akitumaini kupanga mataifa toka chini kwenda juu. Hesabu ilipoonyesha kama Waeskimo na Waaustralia wa asili wangewekwa juu kuliko wazungu, aliacha kipimo hicho, akashika kile cha ubongo. Mwenzake Gratiolet alipomuambia kama kwa hesabu hiyo Wajerumani wanapita Wafaransa, Broca alijua palepale kueleza kama urefu wa mwili na miaka zinabadilisha uzito. Lakini kwa wanawake, ambao miili yao ni midogo, alisema urefu peke yake hautoshi kueleza. Wakati jibu lilimuuma yeye, alipata sababu za kulipunguza; wakati lilituuma sisi, alilikubali. Munganga aliyerudilia ulizo moja siku tatu kwa Leborgne, hakuuliza watu weusi kitu chochote. Aliuliza mafuvu yao.

Vipimo vya namna hiyo havikukaa Paris. Wakati wa Wabelgiji vichwa na pua zilipimwa mupaka upande wetu wa Maziwa Makuu, na matunda yake machungu yanajulikana. Aliyejibu wa kwanza kwa kitabu kikubwa, ndani ya chama kile kile cha Broca, alikuwa mutu mweusi: Anténor Firmin wa Haiti, aliyeingia ndani mwaka 1884. Mwaka 1885 alitoa kitabu juu ya usawa wa mataifa ya wanadamu, alichukua hesabu za Broca na wenzake moja kwa moja, akaonyesha pahali zinapogongana zenyewe kwa zenyewe. Broca hakusikia jibu hilo, alikuwa amekwisha kufa. Mwaka 1981 Mumarekani Stephen Jay Gould alirudilia hesabu zilezile na akafika karibu na palepale.

Mwanzo wa mwaka 1880 Broca aliwekwa senata wa maisha. Na hapa kuko jambo ambalo wasichana wa shule yetu watalipenda: yeye aliyewapunguzia wanawake ubongo, njo alipewa kazi ya kuandika ripoti ya Senati juu ya sheria ya kufungulia wasichana shule za sekondari, na aliitetea. Sheria ilipita mwezi wa kumi na mbili mwaka uleule. Lakini yeye alikufa mwezi wa saba, gafula, alikuwa na miaka 56. Jina lake limeandikwa kwenye munara wa Eiffel pamoja na wanasayansi wengine 71.

Wenzake walichukua ubongo wake wakaupima. Gramu 1424, kidogo tu juu ya wa mutu wa kawaida.

Na ule wa Leborgne, uliowekwa katika pombe? Ulikaa katika Paris katika makumbusho ya Dupuytren, iliyofungwa mwaka 2016, na vitu vyake vikahamishwa kwenye chuo kikuu. Kwa kuwa Broca hakuukata, wanganga waliweza kuupitisha katika mashini ya kupiga picha za ndani. Mwaka 2007 kikundi cha Nina Dronkers kilionyesha kama kidonda cha Leborgne na cha Lelong kiliingia ndani sana kuliko Broca alivyoona, kikakata hata nyuzi zenye kuunganisha mbele ya ubongo na nyuma. Ni kusema, eneo lile la kitabu chetu halifanyi kazi peke yake.

Miaka zaidi ya 150 Leborgne alijulikana kwa tan tu na kwa jina la jamaa, na vitabu vilimufanya masikini asiyejua kusoma. Mwaka 2013 mutafutaji wa Poland, Cezary Domanski, alikuta karatasi zake. Aliitwa Louis Victor, alizaliwa Moret mwaka 1809. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule.